Ritifaa

Ijumaa, saa tano na robo. Foleni imepita lango
hadi kwenye meza ya mabuyu ya Bi Rukia,
na mbele ya dirisha langu kasimama Tsuma,
shati limemganda mgongoni.
Anasema: Mama, naambiwa sijalipa.

Nafungua mfumo mmoja, kisha wa pili.
Naletewa watu wawili.

Mwangombe wa karo amelipa yote, hadi senti,
lakini hana somo hata moja,
hajawahi kuingia darasani.
Mwang'ombe wa mitihani ana masomo saba,
ana B ya hesabu,
na deni la elfu arobaini na mbili.
Mmoja ana pesa, mwingine ana akili,
na wote wawili wamevaa shati moja lililoloa.

Mifumo hiyo inakaa chumba kimoja,
ubavu kwa ubavu, na haijuliani hali.
Mmoja tulirithi. Mwingine tuliuziwa
na vijana waliokuja na suti, kwa joto hili la Machi,
wakala viazi karai vyetu, wakasema:
hamtahitaji kalamu tena.
Tukapiga makofi. Nami nilipiga.

Nampigia Swabra, fundi wa seva, kule chini.
Chumba chake ndicho pekee chuoni chenye baridi;
msajili mwenyewe huteremka na faili tupu
akajidai ana shida, apoe dakika kumi.
Swabra anasema: ni ile ritifaa.
Mashine ikikiona kijialama hicho
hudhani sentensi imefungwa,
na hapo mwizi aweza kupenyeza amri yake.
Badala ya kutia komeo, waliojenga
waliona rahisi kuing'oa.

Kuing'oa! Nalicheka neno.
Bila alama hiyo, ng'oa ni ngoa,
na hakuna wa kung'amua.

Tsuma hacheki. Anautazama mkono wangu kwenye kipanya,
anasema taratibu, kana kwamba ananifunza kujumlisha:
Baba aliuza ng'ombe wawili Mariakani.
Mmoja alikuwa na mimba.
Pesa alizituma kwa simu papo hapo mnadani,
ujumbe ukarudi: Asante, Mwangombe.
Akaniuliza, huyu nani?

Kuna kisanduku cha jinsia, cha kaunti, cha dini,
cha ugonjwa wa kurithi kama upo.
Cha swali la baba yake sikioni.
Najaza ombi la kuunganisha akaunti.
Subiri siku saba za kazi, linasema.
Mtihani ni Jumatatu.

Sitadanganya kwamba zamani kulikuwa peponi.
Nililikuta hapa daftari la jalada jekundu,
na ni mimi niliyelimwagia chai.
Kurasa ziligandana,
na wasichana watatu wa mwaka wa tisini na nane
walikwenda zao bila vyeti.
Mmoja ninakutana naye sokoni Kongowea. Hunisalimia.
Hilo ndilo linaloniuma.

Saa sita kasoro umeme unakatika.
Feni inajizungusha mara nne zaidi, kwa mazoea, inakoma.
Jenereta inakohoa, haiwaki.
Foleni inaguna kama mtu mmoja.

Navuta droo. Kalamu ya buluu, muhuri, kadi tupu ya mtihani.
Naandika Tsuma Mwang'ombe, amelipa,
natia sahihi ambayo sina mamlaka nayo.
Anaishika kadi kwa ncha za vidole, wino usichafuke,
anaondoka bila kusema asante;
labda asante zimemchosha.

Kisha naichukua orodha iliyochapwa asubuhi,
naisogeza karibu na dirisha penye mwanga.
Nyangau. Wangombe. Ongayo. Nganga, na huyu anadai mbili.
Nateremka jina kwa jina, nukta kwa nukta,
kama atiaye wanja jicho la mtoto aliyelala.
Thelathini na moja.

Umeme unarudi. Skrini inawaka.
Wale wawili wapo pale pale, wananingoja.